Mionzi Thelathini na Tano na Mkwe Wangu

Wenzangu, mmeniuliza sana yaliyonikuta, na kila anayeuliza ananitazama shingo kwanza. Shingo ipo. Iliungua, ikabambuka, sasa ina rangi mbili kama kitenge, lakini ipo. Kusimulia kwa mdomo siwezi, mate yangu siku hizi hayatoshi maneno mengi, kwa hiyo nimechukua daftari la mjukuu nikaandika. Habari za makaratasi na madirisha siwapi, kila mmoja wenu ameshawahi kusimama dirishani. Nawapa safari yenyewe.

Kutoka uvimbe mpaka kwa daktari

Uvimbe ulianza chini ya sikio la kushoto, mdogo kama kunde. Nikasema tezi. Nikaukanda kwa maji ya chumvi, ukawa kama ndimu. Nikaupaka mafuta ya habasoda, ukawa kama yai. Na mie huku natafuna tambuu yangu kama kawaida, na kila nikimeza mate naona kama nimemeza mwiba wa samaki. Mwaka ukapita. Mie si mtu wa kukimbilia hospitali. Nimezaa saba, nina wajukuu kumi na wawili wote wazima, wa kwanza ni mwalimu wa hesabu, na hilo hata daktari nilimwambia kabla hajaniuliza lolote.

Nilikwenda na binti yangu Zuhura, mimba yake ya miezi minane. Wakanikata kinyama, wakakipima, tukaitwa.

"Bibi," daktari akasema, "ni saratani. Imeanzia kwenye shina la ulimi na imeshashuka shingoni. Iko hatua ya tatu."

"Kati ya ngapi?"

"Nne."

"Basi si haba," nikamwambia. "Nimeshafika mbali."

Daktari akavua miwani akaifuta. Zuhura akanifinya paja. Kumbe hatua za ugonjwa huu si kama madarasa. Huku ukipanda ndiyo unashuka.

Daktari akanipa masharti yake, nami nikayashika kama sura ya msahafu. Nitapigwa mionzi mara thelathini na tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki saba, na mara moja kwa wiki dripu ya dawa kali. Siku zisikatike. "Ukikatisha, ugonjwa unapumua," akasema, "na ukipumua unarudi na hasira. Nafasi ya kukuponya ni hii moja. Tena ule, bibi. Ukikonda, kinyago kinalegea, na kikilegea tunasimama."

Kinyago sikukijua bado. Hasira za kurudi nilizielewa.

Meno na kinyago

Kabla ya yote waling'oa meno matano, maana mionzi na jino bovu havipatani. Nilipopona fizi nikaitwa chumba cha kinyago.

Hapo ndipo nilipomkuta Kalunde. Ni mtaalamu wa mionzi, mwanamke mnene mwenye mwanya, Mnyamwezi wa Tabora. Akasoma jina langu, akasoma na kabila usoni.

"Shikamoo bibi. Mzaramo wewe?"

"Marahaba. Wa Kisarawe."

"Loo! Mtani wangu kaletwa! Leo nitamfunga Mzaramo kwenye meza kwa ruhusa ya serikali."

"Nifunge," nikasema. "Babu zako walifika pwani wamebeba mizigo ya watu, nawe hujaacha kuhangaika na mizigo."

Tukaelewana hapohapo.

Kinyago ni plastiki nyeupe yenye matundu, kama wavu wa kuuzia vitunguu. Wanaitosa katika maji ya moto inalainika, wanakuvuta nayo usoni mpaka mabegani, unalala chali, inapoa, inakuwa ngumu. Ukiivua unaona uso wako umebaki bila wewe. Siku ya kupigwa wanakufunika nacho, wanakibana mezani kwa vifungo, ta, ta, ta, usitikisike hata ukucha. Wakishakubana wanatoka wote mbio, wanafunga mlango mzito, unabaki na mashine. Inakuzunguka polepole kama mtu anayechagua papai sokoni. Haiumi. Dakika chache wanarudi, wanakufungua. Foleni ya kuifikia ndiyo ya saa nne nzima.

Yombo mpaka mjini, nyuma ya mgongo wa mkwe

Wiki niliyotakiwa kuanza, Zuhura akajifungua pacha. Wajukuu wakawa kumi na wanne, wote wamefanana na mie. Sasa mzazi ana siku zake arobaini ndani, wanangu wengine wako mikoani na makazini, nani anipeleke? Nilikuwa nimehamia kwa Zuhura hapohapo Yombo, na mume wake ana bajaji. Ikawa Masanja.

Masanja ni Msukuma wa Kwimba, mrefu kama mlingoti. Alisilimu kwa ajili ya ndoa, jina la dini ni Musa, lakini la Masanja halikukubali kutoka. Sina neno baya juu yake. Shida ni moja: ni mkwe.

Mnajua kwetu. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai jamvi moja, hawatazamani, hawali pamoja. Akipita huku, mie napita kule. Nikadhani mtu wa bara hatakuwa na habari na mambo haya. Kumbe wao ndio wamezidi. Miaka tisa ya ndoa sijawahi kumwona anatafuna.

Siku ya kwanza ya safari alikigeuza kioo cha ndani kikatazama paa, asije akaniona uso. Heshima hiyo nikaipokea. Pale Chang'ombe akarudi nyuma kidogo kupisha lori, akapanda juu ya tenga la nanasi.

"We kaka!" muuzaji akapiga kelele. "Kioo chako kinamtazama Mungu?"

"Samahani mama," Masanja akasema chini. "Nimembeba mkwe."

Muuzaji akachungulia nyuma, akaniona nimejitanda mpaka puani. Hasira ikamtoka. "Ahaa. Haya nendeni, ila taratibu." Ukimtaja mkwe, mtu wa Dar anaelewa.

Kuongea tulikuwa tunaongea kwa kupitia Zuhura. Nampigia simu kitandani kwake na pacha wanalia.

"Zuhura, mwambie mumeo apunguze mwendo, meno yaliyobaki yatatoka."

"Mama, si mko kwenye bajaji moja?"

"Mwambie."

Basi simu inalia mbele, Masanja anasikiliza, anapunguza. Tukakaribia mjini askari wa barabarani akatusimamisha, bajaji hairuhusiwi kupita pale. Masanja akawa anamweleza kuwa amebeba mgonjwa, na askari hasadiki, kila mtu siku hizi amebeba mgonjwa. Nikafungua mtandio nikamwonyesha yai langu. Askari akarudi hatua mbili, akasema, "Shikamoo mama, piteni." Tangu siku hiyo akituona anapiga saluti. Nilikuwa naitikia kwa mkono, kama mke wa mkuu wa mkoa.

Benchi

Zuhura, pamoja na uzazi wake, kila alfajiri alifunga vyakula viwili. Changu chupa ya uji wa lishe wenye maziwa na siagi ya karanga. Cha mumewe chapati na maharage kwenye bakuli la bati. Tunaondoka baada ya swala ya alfajiri, tunarudi alasiri, kwa hiyo hicho ndicho chakula cha mchana chenyewe.

Tukakaa benchi moja, yeye ncha ile, mie ncha hii. Katikati alikaa Mama Koku, Mhaya, mgonjwa wa uvimbe wa kichwani, naye anafungwa kinyago kama mie. Saa ya kula ikifika, nitakunywaje uji mbele ya mkwe? Mdomo wenyewe sasa una vidonda, uji unatoka pembeni, kila funda nakunja uso kama mwali. Wiki ya pili ladha zote ziliondoka, chai ikawa na ladha ya msumari. Wiki ya tatu mate yakawa mazito kama mlenda, natembea na kopo la kutemea chini ya khanga. Mtu aliye katika hali hiyo hamfungulii mkwe kinywa.

Nikawa nampa Mama Koku. "Kunywa mama, mie nimeshiba."

"Asante mwaya," anasema, anakunywa yote. Dawa zake zilimpa njaa ya ajabu. Akimaliza anageukia upande wa pili, na Masanja naye anamsogezea bakuli la chapati, anasema ameshiba. Nikajua kijana ana moyo wa kutoa. Sikujiuliza yeye anakula nini.

Zuhura jioni anauliza, "Mama, uji umemaliza?"

"Chupa si hiyo tupu?"

Sikusema uongo. Usiku nilikuwa nalamba vijiko vitatu chumbani, koo linakataa, nalala. Huku nahesabu siku. Kumi na tano. Kumi na nane. Ishirini na moja bila kukatika hata moja, na yai shingoni limerudi kuwa ndimu. Nilijisifu sana.

Siku ya ishirini na mbili

Siku tatu nyuma nilishaanza kukisikia kinyago kinacheza. Nikawa najaza upepo mashavuni wakati wa kufungwa. Kalunde akiondoka, mashavu yananywea, natulia tuli, natumaini mashine haijui.

Siku ya ishirini na mbili alipiga kifungo cha mwisho, akaingiza kidole kati ya plastiki na shavu langu. Kikaingia chote.

"Mtani, toa upepo."

Nikautoa. Vikaingia vidole vitatu.

"Leo hupigwi," akasema.

"Piga tu. Sitatikisika."

"Bibi, nikipiga hivi nakosa uvimbe, nachoma uti wa mgongo. Shuka."

Nilishuka. Miaka yote sijawahi kumlilia Mnyamwezi, siku hiyo nilimlilia. Nilimwambia, daktari amesema siku zisikatike, nafasi ni moja, nifunge kwa kamba, nijazie pamba, fanya utakalo. Akanitoa ukumbini, akanikalisha kwenye mizani. Nilikuwa nimepungua kilo tisa. Daktari akaitwa, akatazama mizani, akatazama mdomoni.

"Huyu hali chakula," akasema. "Na asipokula hatufiki thelathini na tano."

"Anapewa chupa nzima ya uji kila siku," Masanja akajibu kutoka mlangoni, ameutazama ukuta. "Nailetaga mwenyewe."

Wakati huohuo mfanyakazi mwenzake Kalunde akatoka chumba cha pili, anacheka. "Jamani, Mama Koku kinyago hakimwingii. Kanenepa. Tunatengeneza kingine."

Kalunde akasimama katikati ya ukumbi. Akanitazama mie, mifupa. Akamtazama Mama Koku, mashavu. Akamtazama Masanja, na Masanja ameshika suruali kiunoni kwa mkono mmoja, maana mkanda ulikuwa umefika tundu la mwisho.

"Na wewe kaka, mbona umekwisha? Unaumwa?"

"Hapana, dada."

"Chapati zako nani anakula?"

Mama Koku akainua mkono taratibu, kama mwanafunzi. "Walisema wameshiba," akasema. "Wote wawili. Kila siku."

Aibu inavunjwa

Kalunde hakupandisha sauti. Alikaa katikati yetu kwenye benchi, pale pa Mama Koku.

"Kwa hiyo wewe Mzaramo uko tayari kufa, mradi mkwe asikuone unameza."

"Ndiyo heshima," nikasema.

"Nawe Msukuma uko tayari kumzika, mradi asikuone unatafuna."

Masanja akasema, anazungumza na sakafu, "Nilidhani mama anakula nikienda kuitazama bajaji. Nilikuwa naenda mara nyingi makusudi."

Kweli alikuwa anakwenda. Nilidhani anaogopa wezi.

Daktari akasema njia iliyobaki ni mpira wa puani. Unapita puani unashuka mpaka tumboni, chakula kinamiminwa kwa bomba la sindano, kila baada ya saa tatu, na mmiminaji afundishwe sasa hivi. Akauliza ni nani anayenihudumia. Ukumbi wote ukamtazama Masanja.

"Siwezi," Masanja akasema. "Daktari, kazi yoyote nipe. Huyu ni mama mkwe."

"Na mie sitaki," nikasema. Nikatoa simu. "Zuhura, mwambie mumeo..."

Kalunde akaninyang'anya simu. Akaizima.

"Sikilizeni. Mtani kazi yake ni nini? Msiba ukiwa mzito, nani anaingia kufanya yasiyofanyika? Mtani. Basi mie mtani nimeivunja aibu ya hawa wawili leo, mbele ya benchi hili. Akifa mtu kwa aibu hapa, nitakuja kwenye msiba wake nimevaa nguo zake, nitamwigiza alivyokuwa anajaza upepo mashavuni, na watoto wake watacheka. Mzaramo, unataka hivyo?"

Nilimwona anafanya kweli. Nikafikiri wajukuu kumi na wanne wanamtazama mwanamke yule mnene anavimbisha mashavu kaburini kwangu.

"Weka huo mpira," nikasema.

Kuuingiza ni shughuli, unabanwa pumzi, machozi yanatoka. Ulipokaa, Masanja akapewa bomba. Mara ya kwanza alimimina uji akiwa ametazama pembeni, ukaingia begani kwangu. Mara ya pili alifumba macho, ukaingia sikioni. Mara ya tatu nikamwambia mwenyewe, kwa sauti yangu ya kukwaruza, bila simu, bila mtu katikati:

"Baba, nitazame."

Akanitazama. Mdomo wazi, mate yananining'inia, mpira puani. Akamimina polepole, bomba zima, hakumwaga tone. Jasho lilimtiririka kama anachimba kisima.

"Umeshiba, mama?"

"Bado. Na wewe ule, hiyo suruali itatutia aibu nyingine."

Akafungua bakuli akala chapati mbele yangu. Anatafuna upande mmoja. Sikuwahi kujua.

Thelathini na tano

Kinyago kipya kilichukua siku mbili, na siku mbili hizo sikulala. Kila nikigusa shingo naona inapumua. Daktari akasema tutazifidia Jumamosi mbili, mashine itawashwa. Nikamwuliza kama kufidia ni sawa na kutokukosa. Akasema, "Ni karibu sawa." Hilo karibu nilikaa nalo mpaka mwisho.

Wiki mbili za mwisho msiniulize sana. Ngozi ilifanya weusi ikabambuka, khanga inanata. Sauti ilikwisha, nikawa nabisha hodi kwenye ukuta wa bajaji, moja simama, mbili twende. Majirani walileta mafuta ya nazi na mavi ya mbuni, Masanja akawasimamia mlangoni kwa adabu, akayapokea yote, akayafungia kabatini. Nisipakwe kitu, daktari amesema. Kila saa tatu alikuwapo na bomba lake, ameacha abiria njiani. Kilo mbili zikarudi.

Siku ya thelathini na tano Kalunde alinifungua vifungo, akanipa kinyago nikapeleke nyumbani.

"Kaa nacho, mtani. Sura nzuri kuliko yako."

Sikuwa na sauti ya kumjibu. Nikamwonyesha kidole cha kuonya, naye akanipigia magoti akaniaga kwa mikono miwili.

Miezi mitatu mbele

Mkimaliza hawawaambii kitu. Wanasema mionzi bado inafanya kazi ndani, rudi baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu hiyo mpira ulitoka, nikaanza maji, nikaanza uji, nikaanza mtori. Ladha ya chumvi imerudi, ya sukari bado. Na kila alfajiri kabla ya kutawadha nilikuwa nashika shingo natafuta kunde.

Tulikwenda mie na Masanja. Zuhura alibaki na pacha. Daktari akanipitisha kamera puani, akatazama kooni kwenye kioo chake. Akabonyeza shingo, huku na huku. Akatazama picha ukutani.

"Sioni kitu, bibi."

"Tazama tena."

Akatazama tena. Bwana yule ana subira.

"Haupo. Kooni haupo, shingoni haupo. Hiyo si kusema tumeagana, utarudi kila miezi mitatu nikuchungulie. Lakini leo haupo."

Nikatoka. Masanja alikuwa amesimama kwenye nguzo, kofia mkononi.

"Mkwe, hawajaona kitu."

Akashtuka. "Hawajaona nini, mama? Basi watazame vizuri!"

"Uvimbe. Wametazama mara mbili. Haupo."

Masanja akashuka na nguzo mpaka chini, mtu mrefu vile, akakaa sakafuni, akalia kwa sauti. Ukumbi mzima ukageuka. Mama mmoja nisiyemjua akaja akanishika bega, "Pole bibi, Mungu mkubwa, sote njia yetu ni hiyo." Nikamwambia ahsante.

Mkwe hatazamwi akilia. Nikavua khanga ya juu, nikaishika kwa mikono miwili kama pazia, nikampa mgongo. Watu walikuwa wanapita, wengine wanachungulia pembeni, nahama nayo. Ilichukua muda. Mikono ilinichoka, lakini sikuishusha mpaka alipomaliza.